Ugonjwa wa utumbo usioishia utumboni

Katika safu ya nyuma ya msikiti wetu vipo viti vya plastiki vilivyowekwa kwa ajili ya wazee wasioweza kurukuu wala kusujudu. Mwaka juzi kimoja kati ya viti hivyo kilianza kukaliwa na kijana wa miaka 27. Watu waligeuka wakamtazama, na baada ya swala wakanong'ona.

Kijana huyo, ambaye kazi yake ni fundi cherehani, alikuwa muadhini wetu wa pili. Kwanza alianza kuchelewa adhana ya alfajiri. Kisha akawa anatoka safuni katikati ya swala, mara nyingine imamu akiwa bado katika rakaa ya kwanza, na asirudi. Mwisho akahamia kitini. Malalamiko yakaifikia kamati: kijana amekuwa mzembe, mtu awezaye kukanyaga cherehani kutwa nzima anashindwaje kusujudu? Kamati ikakaa, ikaamua apumzishwe kazi ya adhana. Barua ya kumpumzisha tuliiandika sisi wenyewe, tukiwa katibu, na hatukumwuliza hata swali moja kabla ya kuigonga muhuri. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka akichechemea.

Miezi minne baadaye tulipata habari kwamba amelazwa hospitali na kwamba jicho lake moja limo hatarini. Tulikwenda kumzuru, na pale ukumbini mkewe akatueleza yale ambayo ilikuwa wajibu wetu kuyauliza tangu mwanzo. Tunayaandika hapa kwa idhini yao wote wawili, bila majina, kwa kuwa wenyewe wametaka familia nyingine zisipite njia ile ile.

Kila kiungo na mganga wake

Yalianza tumboni. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kijana alikuwa akienda haja kubwa mara sita au saba kwa siku, na usiku tumbo likimwamsha. Alimwambia mkewe kuwa ni chakula cha barabarani. Alipoona damu chooni alinyamaza kabisa. Muuza dawa aliyemwendea kwa siri alimwambia ni bawasiri, akampa dawa ya kupaka.

Kisha kikaja kiuno. Kila alfajiri mgongo ulikakamaa kama ubao, akawa anahitaji karibu saa nzima kuweza kuinama na kuvaa viatu. Ajabu ni kwamba kazini, baada ya kutembea na kujinyoosha, maumivu yalipungua. Mzee mmoja wa mtaani akasema hiyo ni baridi yabisi, akaagiza akandwe kwa mafuta ya karafuu. Duka la dawa likampa vidonge vya diklofenaki. Kiuno kikapata nafuu, tumbo likazidi kuharibika, wala hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili.

Baada ya hapo yakatokea mavimbe yenye maumivu makali kwenye miundi ya miguu. Hayo yakaitwa uchafu wa damu, na akapelekwa kupigwa chuku. Vidonda vya kinywani vikaitwa ukosefu wa mboga za majani. Na kwa kuwa alikonda, wapo walioanza kuukisia ugonjwa ambao watu huutaja kwa kuinamisha sauti. Kila kiungo kilipata mganga wake, na kila mganga alikitazama kiungo chake tu.

Jicho ndilo lililovunja ukimya. Lilianza kuwa jekundu na kuuma, halivumilii mwanga, na mbele yake kukawa na ukungu. Aliweka matone aliyonunua dukani kwa siku tisa. Siku ya kumi mkewe alimshika mkono, akampeleka kliniki ya macho. Daktari alimpima kwa chombo chake, akanyamaza kidogo, kisha akauliza maswali ambayo hawakuyatazamia: "Kaka, mgongo wako ukoje unapoamka asubuhi? Na choo chako kikoje?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mkewe akamwambia, "Baba Fulani, mwambie daktari. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi." Akayataja yote: choo, damu, kiuno, mavimbe, vidonda vya kinywani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa simulizi yote kusikilizwa na mtu mmoja katika kikao kimoja. Daktari wa macho alianza kulitibu jicho siku hiyo hiyo, akaandika barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa chakula.

Huko kijana alipimwa choo ili ijulikane kama ana amiba au minyoo, akachunguzwa kifua kikuu, kisha akaingizwa mpira mwembamba wenye kamera kwa njia ya haja kubwa, na vipande vidogo vya ukuta wa utumbo vikachukuliwa kwenda maabara. Jibu likatoka: ana ugonjwa wa Crohn. Bawasiri, baridi yabisi, uchafu wa damu na jicho jekundu vyote vilikuwa na asili moja.

Maradhi haya ni yapi?

Wataalamu huyaita maradhi ya uvimbe sugu wa utumbo, nayo yana matawi mawili makubwa. La kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uwezao kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula tangu kinywani hadi tupu ya nyuma, ingawa hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba. Jina lake linatokana na Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932 yeye na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walichapisha maelezo ya wagonjwa 14. Tawi la pili ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ambao kwa kawaida huanzia mwisho wa utumbo na kupanda juu, wala hauingii katika utumbo mwembamba kama ule wa kwanza.

Msomaji asichanganye maradhi haya na vidonda vya tumbo tulivyovizoea, vile vinavyouma mtu anapokaa na njaa. Wala neno uvimbe hapa halina maana ya bonge la saratani. Tunakusudia ule wekundu, joto na maumivu tuonayo mwiba unapoingia kidoleni. Kidoleni mwiba hutolewa na moto ukazimika. Katika maradhi haya kinga ya mwili huwaka bila mwiba unaoonekana, na haijui kuzima. Hayaambukizi. Hayatokani na uchafu wala na dhambi. Hutokana na mchanganyiko wa urithi, vijidudu vya kawaida vikaavyo utumboni, mazingira, na kinga iliyokosa mizani. Hadi sasa hayana dawa ya kuyang'oa moja kwa moja, lakini yana matibabu yawezayo kuyatuliza kwa miaka mingi.

Wala hayachagui mtu. Dwight Eisenhower alifanyiwa upasuaji wa ugonjwa wa Crohn mwaka 1956 akiwa Rais wa Marekani. Shinzo Abe, Waziri Mkuu wa Japani, aliishi na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana tangu ujana wake, na Agosti 2020 alitangaza mbele ya taifa lake kwamba anajiuzulu kwa sababu umerudi. Alitaja ugonjwa wa choo mbele ya dunia nzima, nasi twashindwa kuutaja mbele ya daktari mmoja aliyefunga mlango.

Kwa nini moto huruka

Sehemu kubwa ya askari wa kinga ya mwili wanaishi kandokando ya utumbo, kwa sababu huko ndiko vitu vya nje huingia kila siku kwa wingi. Utumbo unapowaka, askari hawa huamshwa, hujaa katika damu, na damu huzunguka mwili mzima. Wengine hutua kwenye viungo, kwenye jicho, kwenye ngozi, kwenye ini, wakapigana huko kana kwamba adui yupo. Pamoja nao husafiri kemikali za kuchochea moto. Ndiyo maana mgonjwa huchoka uchovu usioondolewa na usingizi, akakosa hamu ya kula, akapata homa ndogo ndogo.

Kwa makadirio ya wataalamu, kati ya robo na nusu ya wagonjwa hupata, wakati mmoja au mwingine, dalili nje ya utumbo. Na jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni hili: kwa baadhi ya watu dalili hizo hutangulia. Goti huvimba au jicho huwaka kabla utumbo haujasema neno.

Viungo na mgongo

Viungo ndivyo vishikwavyo mara nyingi zaidi. Kwa wengine ni viungo vikubwa vichache, kama goti au kifundo cha mguu, vinavyovimba utumbo unapowaka na kutulia unapotulia. Kwa wengine ni viungo vidogo vya vidole, ambavyo huenda kwa kalenda yake vyenyewe. Na kwa wengine ni uti wa mgongo na maungio ya nyonga, kama ilivyokuwa kwa kijana wetu.

Maumivu ya mgongo wa namna hii yana alama zake. Huanza pole pole, aghalabu kabla ya umri wa miaka 45, na hudumu zaidi ya miezi mitatu. Humwamsha mtu nusu ya pili ya usiku. Asubuhi mgongo hukakamaa kwa nusu saa au zaidi. Hupungua kwa kutembea na huzidi kwa kulala, kinyume na maumivu ya mbeba mizigo ambayo hutulizwa na mapumziko. Sasa ndugu msomaji anaelewa kwa nini muadhini alichelewa alfajiri, naye huyo huyo akakanyaga cherehani adhuhuri. Hatukuona uvivu pale. Tuliona dalili, ila hatukujua kuisoma.

Hapa pana onyo la kuzingatiwa. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, zipatikanazo kila duka, zinaweza kuamsha au kuzidisha uvimbe wa utumbo. Mwenye maradhi haya asizinunue bila kumwuliza daktari wake. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa kipimo sahihi huwa salama zaidi kwa utumbo.

Jicho

Yapo macho yawayo mekundu kidogo na kuwasha, yasiathiri uoni. Hayo mara nyingi hutulia utumbo ukitulia. Lakini upo uvimbe wa ndani ya jicho, uitwao yuveitisi, ambao huja na maumivu, kuchukia mwanga, na ukungu mbele ya macho. Huo ni wa dharura. Ukicheleweshwa unaweza kuleta upofu, na haungoji utumbo uwake: huweza kumjia mtu ambaye tumbo lake limetulia. Matone ya dukani si matibabu yake. Jicho jekundu lenye maumivu na ukungu lifikishwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Ngozi na kinywa

Mavimbe yenye maumivu kwenye miundi ni dalili inayojulikana sana. Vitabu vingi huyaeleza kuwa mekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi huonekana zaidi kama madoa meusi au ya zambarau, yenye joto na ugumu yakiguswa. Vidonda vya kinywani navyo huja mara kwa mara. Vilevile kipo kidonda adimu lakini kikali, kinachoanza kama kipele kidogo na kufumuka haraka kuwa shimo lenye kingo zilizomomonyoka. Hicho huzidi kinapokatwa au kukwaruzwa, kwa hiyo mwenye maradhi haya asichanjwe wala kupasuliwa jipu na yeyote kabla daktari anayemjua hajakitazama.

Ini, damu, mifupa na figo

Baadhi ya wagonjwa, hasa wenye ugonjwa wa utumbo mpana, hupata uvimbe wa mirija ya nyongo. Mirija husinyaa taratibu, na kwa muda mrefu mtu asihisi kitu. Baadaye huja mwasho wa mwili, uchovu na macho ya manjano. Wagonjwa hao hatari yao ya saratani ya utumbo mpana ni kubwa zaidi, ndiyo maana hutakiwa kupimwa kwa kamera kila mwaka hata tumbo likiwa shwari.

Upungufu wa damu ni jambo la kila siku katika maradhi haya, nao huja kwa milango mitatu. Damu hupotea chooni. Moto wa mwilini huyafungia madini ya chuma yasitumike. Na mwisho wa utumbo mwembamba, ambako vitamini B12 hufyonzwa, ukiharibika vitamini hiyo hupita bure. Kwa hiyo kumnywesha mgonjwa juisi ya rozela na kumlisha maini peke yake hakutoshi. Mlango ulio wazi hautafungwa kwa chakula.

Damu ya mgonjwa, hasa utumbo unapowaka na mtu akilala kitandani, huwa nyepesi zaidi kuganda ndani ya mishipa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikabana na kifua kikachoma, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Mifupa nayo hudhoofika, kwa sababu ya moto wenyewe, kwa uchache wa vitamini D na kalsiamu, na kwa dawa za steroidi kama prednisoloni zikitumiwa muda mrefu. Dawa hizo zinapotolewa zisikatishwe ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari.

Figo nazo hazibaki salama. Utumbo mwembamba unaposhindwa kufyonza mafuta, mafuta hayo huishika kalsiamu iliyomo katika chakula. Kwa kawaida kalsiamu hiyo ndiyo huizuia chumvi iitwayo oksaleti isiingie katika damu. Oksaleti ikikosa wa kuizuia huingia, ikafika kwenye figo na kufanya vijiwe. Hivyo mtu mwenye ugonjwa wa utumbo anaweza kulia kwa maumivu ya figo, na asili ikawa ni ile ile.

Watoto na wanandoa

Wazazi wazingatie kwamba kwa mtoto maradhi haya huweza kujitokeza kwa sura ya kutokua. Mtoto aliyekuwa akienda sawa na wenzake akasimama kimo, akakonda, akachelewa kubalehe, asiambiwe tu kwamba amerithi ufupi wa babu. Apelekwe kupimwa. Muda wa kukua ukipita haurudi.

Wanandoa nao wana lao. Mwanamke mwenye maradhi haya huweza kupata mimba na kuzaa salama, na ni bora zaidi mimba iingie utumbo ukiwa umetulia. Hatari huja pale anapoacha dawa kwa hofu ya kumdhuru mtoto, moto ukarudi, na moto huo ndio ukaidhuru mimba. Zipo dawa chache zisizofaa kabisa kwa mjamzito, mojawapo methotreksati, hivyo mipango ielezwe kwa daktari mapema. Na waume wajue kuwa dawa iitwayo salfasalazini hupunguza mbegu za kiume kwa muda, nazo hurejea ikiachwa. Tumeona ndoa zikitikisika kwa kukosa mtoto, lawama zote zikarundikwa kwa mke kabla mume hajapima chochote.

Familia ifanye nini?

Mkewe kijana alianza kuandika katika daftari la shule: tarehe, mara ngapi chooni, kama pana damu, kiungo gani kinauma, jicho likoje, dawa gani imemezwa. Daktari alituambia kurasa zile zilimsaidia sana. Nasi twawanasihi wasomaji wafanye hivyo hivyo.

Mtu akiharisha kwa zaidi ya majuma manne, akiona damu chooni, akiamshwa usiku na tumbo, au akikonda bila sababu, aende hospitali. Na akifika ayataje yote, hata yale ya kiungo kingine ambayo hayaelekei kuhusika. Daktari wa goti aambiwe habari za choo. Daktari wa tumbo aambiwe habari za jicho. Mgonjwa akiona haya, mwenziwe aseme kwa niaba yake.

Katika nchi zetu kuhara damu kuna sababu nyingi, zikiwemo amiba, kichocho na kifua kikuu cha utumbo, ambacho hufanana sana na ugonjwa wa Crohn hata chini ya kamera. Kosa hapo ni la hatari pande zote mbili: dawa za kutuliza kinga zikimezwa na mwenye kifua kikuu humwangamiza. Kwa hiyo familia isichoshwe na vipimo vingi kabla ya dawa. Tangu mwaka 1998, ilipoidhinishwa Marekani dawa ya infliksimabu kwa ugonjwa wa Crohn, zimepatikana dawa za sindano ziwezazo kutuliza utumbo, mgongo na jicho kwa pamoja. Ni ghali, na kabla ya kuanzwa ni lazima mtu achunguzwe kifua kikuu kilichojificha. Na mvutaji sigara mwenye ugonjwa wa Crohn ajue kuwa kila sigara inauchochea.

Swala na saumu ya mgonjwa

Tulipokuwa chuoni tulisoma katika fiqhi kwamba aliyebanwa na haja atakiwa kwanza akajisaidie, ndipo aje aswali kwa utulivu. Tulisoma pia juu ya mwenye udhuru wa kudumu, atokwaye na hadathi bila kuweza kujizuia: hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha akaswali, na kitokacho bila hiari yake hakimharibii swala yake, pamoja na ufafanuzi wa kila madhehebu. Tulisoma kwamba asiyeweza kusimama huswali ameketi. Yote hayo tuliyafanyia mtihani tukafaulu, na siku ya kuandika barua tukayasahau. Kijana aliyekuwa akitoka safuni alikuwa akiitenda fiqhi tuliyoisoma sisi.

Kuhusu Ramadhani, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185, na ruhusa si aibu. Wapo wagonjwa ambao utumbo wao umetulia na daktari akaona wanaweza kufunga, wakinywa maji ya kutosha usiku na kupangiwa upya saa za dawa. Wapo ambao utumbo unawaka, na kukaukiwa maji kwao ni kukaribisha vijiwe vya figo na damu kuganda. Kila mmoja amwulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kisha amwulize mwanazuoni kuhusu kulipa au kutoa fidia. Na sisi tulio wazima tusimsimamie mtu mlangoni kumwuliza kwa nini anakula.

Tulipofika

Kamati ilikaa tena. Tuliandika barua ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, ya kuomba radhi, tukampelekea nyumbani kwa mguu wetu. Mahali pa mwisho wa safu, karibu na mlango uelekeao vyooni, pametengwa kwa mwenye udhuru yeyote, na haulizwi udhuru wake ni upi. Katika vyoo viwili tumeweka vya kukalia, kwa ajili ya wenye magoti na migongo.

Kijana anaendelea na dawa. Choo kimetulia, uzito umerudi, mgongo anaunyoosha kila siku kwa mazoezi aliyofundishwa. Jicho la kushoto halikurudi lote. Siku tisa zile zilichukua sehemu yake. Ameirudia cherehani, ila kutunga uzi kwenye sindano sasa ni kazi ya mkewe.

Tulimwomba arejee kwenye adhana. Alikubali adhuhuri na alasiri, akasema alfajiri tumsamehe, kwani mgongo wake bado huamka baada yake. Tumemsamehe, na tunamwomba Mola Atusamehe sisi, Awaponye wagonjwa wetu wa dhahiri na wa siri, na Atujaalie kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.